Mgunga Tulioung'oa kwa Mama Waithera

Tangu nistaafu na kuhamia Lanet, simu yangu hulia sana siku za mvua. Anayepiga huwa mmoja wa waongozaji wa mashua niliowaacha kambini, na swali huwa lile lile kwa sura tofauti. Maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, tuwapeleke wageni? Kuna mti umelalia mto chini ya daraja, tufanye nini? Nimejibu kwa simu mpaka binti yangu akaniambia niandike mara moja, niwatumie wote, ugali wetu uache kuungua. Kwa hiyo naandika. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliolipwa havitawasaidia mtoni, nimeviacha.

Mimi ni mtu wa Subukia. Nyumbani tulikuwa na kahawa na ng'ombe wachache, na mto tulioujua ulikuwa wa kuteka maji na kuvuka kwa mawe. Kambi iko kando ya Mto Malewa, upande wa Gilgil, mahali palipokuwa zamani shamba la mzungu. Nilikwenda pale kuomba kazi ya jikoni. Jikoni palikuwa pamejaa, lakini mkubwa wa waongozaji, Mzee Cheruiyot, alikuwa amepungukiwa na mtu. Akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia sijui. Akasema afadhali, maana wote aliokuwa nao walijua kuogelea na hakuna hata mmoja aliyeyaogopa maji inavyotakiwa.

Nilidhani nitapandishwa mashua kesho yake. Mashua zetu ni zile za mpira za kujazwa upepo, wageni sita mbele na mwongozaji mmoja nyuma na kasia lake. Badala yake Mzee alinitembeza. Majuma mawili mazima tulifuata mto kwa miguu, kuanzia tunapoingilia majini mpaka tunapotokea, yeye na fimbo, mimi na viatu vya kanisani kwa sababu sikuwa na vingine. Alinifundisha kila jiwe. Alinionyesha mahali maji yanapojikunja nyuma ya mwamba yakarudi yalikotoka, na mahali yanapoonekana yametulia kumbe chini yanavuta. Nikimuuliza tutapanda mashua lini, alisema mashua haijui chochote, inapelekwa tu. Jioni aliniuliza maswali. Nikikosea, kesho tulirudia palepale, na viatu vya kanisani vikaisha.

Vifaa vya kazi havikuwa vingi. Jaketi la kuelea, helmeti, firimbi shingoni, kisu kifuani, na mfuko wenye kamba ndefu ambao unamrushia mtu aliyeanguka, yeye ashike kamba na wewe ushike ardhi. Mimi niliupenda mfuko huo kuliko vyote. Niliurusha kila asubuhi kabla ya chai, nikilenga debe lililowekwa ng'ambo, mpaka wapishi wakaanza kusema debe lile limenikosea nini.

Kulikuwa na vifaa vingine viwili ambavyo wageni hawakuvielewa: wavu wenye matundu madogo na karai jeupe. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kama mgeni ndiye alimfundisha Mzee Cheruiyot, naye akanifundisha mimi. Unasimama mtoni, unashika wavu upande ambako maji yanaelekea, unasugua mawe kwa mguu, halafu unamwaga kilichonaswa kwenye karai. Ukiona vijidudu vingi vya aina nyingi, hasa wale wa mikia mitatu, maji ni mazuri. Ukiona minyoo myekundu peke yake, kuna kitu kinaingia mtoni na inafaa ukitafute. Tuliandika kila mwezi kwenye daftari tuliloliita kitabu cha maji. Mwanzoni nilijiona mjinga, mwanamke mzima anahesabu wadudu. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa sipiti kijito hata cha Subukia bila kugeuza jiwe.

Kitabu hicho kilitupatia maadui kadhaa. Kilituonyesha, kwa mfano, kwamba uchafu tuliokuwa tukiwasingizia wakulima wa juu ulikuwa ukitoka kwetu wenyewe, kwenye mfereji wa bafu za wageni. Mwenye kambi, Bwana Kariuki, hakufurahi, lakini alichimba shimo jipya mbali na ukingo. Ni mtu anayekasirika kwanza na kufanya jambo sawa baadaye. Nimefanya kazi na watu wa mpangilio mwingine, huyu ni afadhali.

Mzee Cheruiyot alipoharibika goti alirudi kwake karibu na Sachangwan, na kazi yake ikaja kwangu. Aliniachia fimbo na onyo moja, kwamba nisiwe mtu wa kupigania wageni tu au wa kupigania mto tu. Nilimwambia sawa. Sikujua alikuwa akisema nini.

Mvua ndefu za mwaka uliofuata ziliangusha mgunga kwenye kona ya Mama Waithera. Tuliiita hivyo kwa sababu shamba lake linashuka mpaka kwenye maji. Alikuwa mjane, analima kabeji na vitunguu, anauza Gilgil. Tulisalimiana kila tulipopita, yeye juu na jembe, sisi chini na makelele yetu. Mti wenyewe ulikuwa mkubwa, wenye gome la manjano. Uliegemea mto kutoka upande wake, mizizi nusu ikiwa bado ardhini, matawi yakiwa majini.

Hapa nataka msome polepole. Jiwe linasukuma mashua kando, lakini mti unaacha maji yapite na kumbakiza mtu. Matawi ni kama chujio. Mtu akipelekwa pale anabanwa, na maji yanaendelea kumpanda.

Sisi hatukuujua, kwa sababu ulianguka kati ya ukaguzi wa asubuhi na safari ya mchana. Nilikuwa na mashua mbili za wafanyakazi wa ofisi moja ya Nairobi. Walikuja kujenga umoja, kama kawaida, na hata hatujafika nusu ya njia walikuwa wamegawanyika. Mimi nilikuwa mashua ya mbele. Nilipotokea kwenye kona nikauona mti, nikapiga firimbi, tukapiga kasia kwa nguvu mpaka tukagusa ukingo. Mashua ya pili ilikuja upande ambao si wake. Iligonga matawi ikasimama kwa ubavu, wakaanguka watu wawili. Mmoja alitupwa kando, akashika majani. Wa pili, mwanamume mnene aliyeitwa Bwana Otieno, alikwenda chini ya mti.

Niliona helmeti yake, kisha sikuiona. Nilipanda juu ya shina kwa magoti, nikamfikia mkono. Miiba ya mgunga nilikuja kuihisi jioni. Nilimshika kiganja, lakini siwezi kumvuta mtu mzito dhidi ya mto. Mwenzangu wa mashua ya pili, Wekesa, akanirushia kamba nimfunge nayo, akaizungusha kwenye mti ulio wima ukingoni avute, nami nikakata mkanda wa jaketi ulionasa kwenye tawi. Tawi lilipoachia, Bwana Otieno alitoka upande wa pili kama gunia. Alikuwa amevunjika mkono, na rangi yake si ya mtu. Alitapika maji, kisha akauliza kiatu chake kiko wapi. Ilichukua muda gani sijui. Wageni walisema dakika tano, Wekesa alisema moja. Mimi sikuwa nahesabu.

Bwana Kariuki alikuja kambini siku ileile. Hakupiga kelele. Alisema mti utolewe kabla ya Jumamosi, na akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema nitampigia Mzee Cheruiyot kwanza. Mzee alisikiliza yote, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akauliza mizizi iko upande gani. Nikamwambia.

"Hiyo mti wacha ilale," akasema. "Shusheni wageni juu ya kona, mbebe mashua kwa mabega, mrudi majini chini. Ikiwezekana kata matawi machache. Lakini mizizi usiguse. Hiyo ndiyo inashika shamba la mama."

Nilimsikia vizuri kabisa. Simu haikukatika, wala sikuwa mgeni kwenye kazi. Lakini nilikuwa bado na ule mkono mkononi mwangu, na kila nikifumba macho niliona helmeti ikizama. Nilimjibu kwamba yeye hakuwepo. Ni mara ya pekee niliyomjibu hivyo. Nikarudi kwa Bwana Kariuki nikasema ukatwe, na kisiki king'olewe pia, kisije kikanasa mtu mwingine. Bosi hakuwa amesema habari ya kisiki. Hiyo niliongeza mimi.

Walikuja watu wa msumeno wa mota kutoka Gilgil na trekta yenye nyororo. Mama Waithera alisikia kelele akateremka. Alisimama muda mrefu akiangalia wanaume wakizungusha nyororo kwenye mizizi, kisha akaniita pembeni.

"Matawi nimeelewa," akasema. "Sasa hiyo mizizi mnang'oa ya nini?"

Nikamwambia ni mambo ya usalama.

"Usalama wa nani?"

Nilimwambia habari ya Bwana Otieno. Akasema pole, na alimaanisha. Halafu akapanda kurudi kwenye vitunguu vyake. Kisiki kilitoka na udongo mwingi kuliko nilivyotazamia, kikaacha shimo kama jino lililong'olewa. Jioni niliandika kwenye kitabu cha maji: mti umetolewa pamoja na mizizi, kona ya Mama Waithera, kwa agizo langu. Niliandika hivyo kwa kujivunia.

Msimu ule tulipita pale vizuri. Mvua zilizofuata zilipoanza, ukingo ulianza kwenda. Haukuporomoka kwa kishindo kimoja. Asubuhi unakuta ufa kwenye nyasi, jioni kipande kimeshaondoka. Kwanza ilikwenda njia ya kuteremkia maji, kisha mstari wa vitunguu, kisha kabeji zikawa zinaanguka mtoni moja moja na kuelea kutupita sisi kwenye mashua. Wageni walizicheka. Nilipoweka wavu chini ya kona, karai lilijaa matope. Wale wa mikia mitatu hawakuwepo.

Hakuna aliyetulaumu. Mwaka ule kingo zilianguka kila mahali, mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyegusa jani. Bwana Kariuki alisema ni mvua, na hakuwa anadanganya, ilikuwa mvua. Wekesa alisema hivyo pia. Chifu alipita akaandika ni mvua. Ningenyamaza, jambo lile lingekwisha, na nilijaribu kunyamaza. Nilinyamaza kama mwezi mzima. Kilichonishinda ni kwamba kila siku ilinibidi nipite pale, na kila siku Mama Waithera alinisalimia.

Jumapili moja baada ya kanisa nilipanda kwake. Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Aliniletea kiti, akataka kuweka chai, nikamwambia angoje niseme kwanza. Nikamweleza kwamba shamba lake halikuchukuliwa na mvua peke yake. Mizizi ile ndiyo iliyokuwa imelishika, mzee wangu wa kazi alinikataza kuigusa, na mimi ndiye nilisema ing'olewe. Bosi hakusema. Mimi.

Hakunitukana. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki safi. Kisha akaniambia nimfuate. Tulishuka mpaka karibu na ukingo, penye kaburi lenye msalaba wa mbao na maua ya plastiki. Nilikuwa nimepita chini ya kaburi lile miaka yote bila kuliona, kwa sababu kutoka mtoni halionekani.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Hapo mbele kulikuwa na hatua ishirini. Jana nimepima, ziko kumi na moja. Wewe unajua mto. Niambie utamfikia lini."

Nilitazama ufa kwenye nyasi. Nilijua jibu. Nilimwambia, mvua zikija kama hizi, msimu ujao.

"Basi fanya kitu," akasema, akarudi kwenye maharagwe. Chai sikupewa.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Kariuki nikamwambia mambo mawili. Kwanza, kona ile tunaifunga, wageni watashuka na kutembea, mashua zitabebwa. Pili, nataka watu, magogo na trekta, turudishe ukingo kabla ya mvua. Akasema wageni wanakuja kwa ajili ya maji, hawaji kutembea kwenye shamba la kabeji. Akasema pia kwamba tukianza kutengeneza ukingo mmoja tunakiri tumeuvunja, na kesho watakuja wote. Nikamwambia huo mmoja tumeuvunja, na kwamba kama hataki, atafute mwingine wa kuongoza safari. Nilikuwa na watoto wawili shuleni Nakuru wakati huo, kwa hiyo msidhani nilisema kwa ushujaa. Niliongea nikiangalia dirisha.

Alikaa siku tatu bila kunisemesha. Siku ya nne lori likaja na magogo.

Nilimpigia Mzee Cheruiyot. Sikuwa nimeongea naye tangu siku ile. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza akauliza magogo yana urefu gani na kama yana mizizi. Nikasema hayana. Akasema hayafai, na kwamba anakuja. Alikuja na gari la ndugu yake, akakalia kiti cha plastiki juu ya ukingo, goti limenyooshwa, fimbo yangu akaichukua bila kuuliza, akaanza kuelekeza. Tulitafuta mashina yenye mizizi yaliyokuwa yameanguka kwingine, tukayavuta mpaka pale, tukayazika kwenye ukingo, mizizi ikitazama mto ili ipunguze kasi ya maji. Yaani tulirudisha mgunga mahali pake kwa taabu mara kumi ya ile tuliyoutolea. Mzee hakuligusia hilo hata mara moja.

Katikati ya mashina tulijaza mawe na udongo, na juu tukachomeka matete na vipandikizi vya miti ya mtoni. Kundi la walimu lililokuja kwa safari ya mashua lilikuta tumekwama na mawe. Nikawaomba, wakapanga mstari wakapitishiana siku nzima. Jioni walisema ndiyo siku waliyoifurahia kuliko zote. Bwana Kariuki alisikia hilo kwa masikio yake mwenyewe, na tangu hapo kupanda miti kukaingia kwenye ratiba ya wageni kana kwamba lilikuwa wazo lake. Nikamwachia.

Mvua za kwanza zilichukua nusu ya kazi yetu. Nilisimama pale na koti la mvua nikiangalia vipandikizi vikienda. Mama Waithera alikuwa upande wa kaburi na mwavuli. Zilibaki hatua saba. Mvua ziliponyamaza tulianza tena, safari hii tukazika mashina kwa kina zaidi na kuyafunga pamoja, kama Mzee alivyokuwa ametaka tangu mwanzo ila mimi nilikuwa na haraka. Mvua zilizofuata mashina yalishika. Na zilizofuata hizo pia.

Kwa hiyo mkinipigia kuuliza habari ya mti uliolalia mto, jibu ni hili. Kagueni njia yote tena kabla ya kila safari, hata kama mlikagua asubuhi. Mkiukuta, shusheni watu mapema, bebeni mashua. Mgeni akilalamika, mbebesheni upande mzito. Tawi linaloziba njia kabisa likatwe, lakini nendeni kwanza mkamuulize mwenye shamba la juu yake. Panda mpaka kwake, usipige kelele kutoka mtoni. Uone kilichoko kule juu ambacho wewe chini hukioni. Mizizi msiguse. Na siku mkitoka kumwokoa mtu, msiamue chochote siku hiyo.

Wiki yangu ya mwisho nilipanda kwa Mama Waithera kumuaga. Amezeeka, mimi pia. Safari hii chai niliipata, yenye maziwa mengi. Nilimwambia naenda kukaa Lanet, na kwamba Wekesa ndiye atakuwa anaangalia ukingo. Akasema Wekesa ni mtu mzuri ila anatembea haraka. Kisha nikamwambia kwamba jambo la shamba bado linanisumbua.

"Hata mimi," akasema. "Ulikuja ukasema mwenyewe, na hiyo sijasahau. Vitunguu vyangu pia sijasahau. Zote mbili ninazo."

Nikasema asante.

Akanisindikiza mpaka ukingoni, kwa sababu nilitaka kurudi kambini kwa njia ya mtoni. Kati ya mashina tuliyozika, mto umekuwa ukiacha matope kila msimu, na sasa pana kipande kipya cha ardhi, chembamba, cheusi, ambacho hakikuwepo hata kabla ya mgunga kuanguka. Alikuwa ameshakipanda nduma, mistari miwili, majani yamefika magotini. Nikataka kukatiza hapo niteremke.

"Zunguka," akaniambia. "Usinikanyagie nduma."

Nikazunguka.